Kiko cha Mlangoni pa Bibi Ngolo

Kiko kile kilinigharimu shilingi elfu nne taslimu, sweta moja la kijani, nafasi ya gunia moja la mpunga kwenye lori, na jioni moja niliyokaa mlangoni pa mtu nikijifanya mtu huyo. Nimejumlisha mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili hesabu imekataa kufunga, kwa sababu ile jioni bado inanidai. Nilidhani nimeshamalizana nayo. Juzi tulisoma arobaini ya Mzee Habibu, fundi saa wa hapa Nyasubi, na watoto wake wakaniita ndani wakaniambia nichague kitu kimoja cha baba yao kwa kumbukumbu. Walitegemea nichukue saa. Nikachukua kiko kilichokuwa kwenye msumari wa peke yake karibu na mlango. Nilipotoka nacho barazani, mwanamume mmoja mwenye mvi aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, akakitazama bila kukigusa, akaniuliza bei. Nikataja bei ya kumfukuza mtu. Akasema, "Sawa." Nimeuza na kununua Kahama hii mpaka magoti yameanza kulia, na sijawahi kuogopa neno la mteja kama nilivyoliogopa hilo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, jina langu lilikuwa Milembe bila Mama Fulani mbele yake, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vya upande wa Masumbwe nikimnunulia mpunga tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Nilipanga chumba kilichogusana ukuta na cha Mzee Habibu. Ukuta ulikuwa mmoja lakini upande wangu ulikuwa na kalenda na upande wake ulikuwa na viko. Vilining'inia kwenye misumari kutoka darini hadi kimo cha kiuno: vya udongo uliochomwa mpaka ukawa mweusi, vya mti, vya kibuyu, vyenye mirija mirefu kama fimbo na vifupi vya kufichwa kwenye kiganja. Chini yake zilikaa saa za watu, kila moja ikisema lake, na katikati ya kelele hiyo ndogo alikaa yeye, mtu mwembamba wa Tabora mwenye pumu, ambaye hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Jioni alinigongea ukutani tule. Mkewe alikuwa anapika wali na maharage ya nazi, na tulikula tukiwa tumeinamisha shingo kwa sababu mirija ilikuwa inatufikia kichwani.

Hakutaka viko vya kuchongwa vikauzwe. Vile vya Mwanza vyenye vichwa vya simba aliviita vinyago vyenye tundu. Alitaka kiko alichochonga mtu kwa ajili ya mdomo anaoujua. "Tazama hapa," alikuwa anasema, akigeuza kiko chini ya taa yake ya kazi, mahali mrija unapoingia kwenye kichwa. "Saa inatengenezwa na watu wasiojuana. Hiki kimetengenezwa na mtu aliyejua meno gani yatakishika." Mimi nilikuwa simsikilizi sana. Nilikuwa natazama miwani yake. Mzee alikuwa fundi hodari na mnunuzi mbovu, kwa sababu alikuwa anapenda, na mtu anayependa hawezi kupatana bei. Kiko kikimgusa, alikuwa anaivua miwani na kuifuta hata kama ni safi. Miwani isipovuliwa, nilitaja bei ya kawaida. Ikivuliwa, nilizidisha mara mbili. Alikufa bila kujua, au alikufa akijua na akaniachia, na hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi.

Kwa hiyo kila nilipokwenda kutafuta mpunga, nilitafuta na viko. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Bibi Ngolo. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, upande wa kijito, nyuma ya ua wa minyaa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake. Binti yake pekee, Kabula, alikuwa ameolewa Nzega. Mke mwenzie alikuwa amefariki akamwachia mtoto wa kambo aitwaye Masanja, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno matamu na mikono isiyopenda jembe. Bibi alinikaribisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, kwenye bakuli la bati lililokunjwa ukingo. Chumba chake kilikuwa kisafi kiasi cha kutia huruma: kitanda cha kamba, vyungu vitatu, na jiko la mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni kule zilikwisha zamani. Moshi wa jiko hilo ulikuwa umemla macho. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia, mchana na usiku, mwaka mzima. Msomaji wa mbali ataona ni ugonjwa wa kumpeleka zahanati. Kwetu, macho hayo kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake yalikuwa ni mashtaka ya uchawi.

Na kiko alikuwa nacho. Kichwa cha udongo mweusi, mrija wa mzizi uliojipinda kidogo, na pale viwili vinapokutana, waya mwembamba wa shaba umezungushwa kwa mkono uliokuwa na subira. Marehemu mumewe ndiye aliyekichonga. Mdomoni palikuwa na vishimo viwili vya meno yake Bibi. Nilijua miwani itavuliwa hapa.

"Mayu, kiko hiki unaniuzia?" nilimwuliza, nikimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Nikikuuzia nitakaa na nini jioni?"

"Nakuletea kipya, kizuri zaidi."

"Mwanangu, sikuulizi cha kuvutia. Nakuuliza cha kuonekana."

Akanieleza kama anavyoeleza mtu bei ya chumvi. Jua likizama, alikuwa anatoa kigoda mlangoni, anawasha kiko, anakaa mpaka majirani wote wamefunga milango. Kimoto kile kilionekana kutoka nyumba zote zilizomzunguka. Kikionekana, walijua yupo kwake. Siku kisipoonekana wangeanza kuulizana amekwenda kwa nani, na nani kaamka anaumwa. "Wengine wanafunga milango wasiibiwe," alisema. "Mimi nakaa wazi ili nisisingiziwe." Nilikula michembe yangu. Bidhaa ikiwa na kazi ya namna hiyo haina bei, na mimi nisipoona bei huwa nakosa maneno.

Msimu huo wachimbaji walikuwa wamepata mwamba wenye dhahabu ng'ambo ya kijito. Mahema ya maturubai yaliota kwa wiki moja, na mashimo yao, waliyoyaita maduara, yakaanza kusogea kuelekea mashamba. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwa mama ntilie mmoja pale njia panda, na kibanda chake kilikuwa na ukuta wa mabua, kwa hiyo kila kilichosemwa nyuma nilikisikia na sukari yake. Siku moja nyuma ya mabua alikuwa Masanja na wachimbaji wawili.

"Mkanda wa dhahabu unapita palepale," mchimbaji mmoja alisema. "Chini ya mafiga ya yule bibi. Nimeufuata kwa jicho."

"Si umwambie ahame, Masanja? Si mama yako?"

"Wa kambo. Halafu mtu wa vile unamwambiaje?" Masanja akashusha sauti, lakini mabua hayajui siri. "Ng'ombe wa jirani yake Shija wamekufa wawili wiki hii."

"Wawili?"

"Wa tatu anasimama kwa kuegemea ukuta."

Mimi nikaweka kikombe chini. Ng'ombe wa Shija nilikuwa nawajua, maana niliwaona wawili hao wakiuzwa mnadani, wazima, mmoja mkaidi amemburuta mnunuzi mpaka kwenye matope. Lakini wiki iliyofuata, kibandani kwa mama yule yule, wakawa wanne. Wiki nyingine akaongezeka mtoto mchanga wa mtu ambaye jina lake halikutajwa. Nilihesabu na kurudia, nikaona hesabu inapanda kila inapopita mdomo mmoja, na nilijua inapopanda hivyo inatafuta nini.

Nikaenda kumwambia Bibi. Alinisikiliza akisafisha mrija kwa unyoya wa kuku. Akasema, "Sasa kiko kinauzwa."

Bei yake ilikuwa hivi. Elfu tano ya njiani. Sweta langu, kwa sababu juu ya lori kuna baridi. Nafasi kwenye lori letu la mpunga, ambalo lingepita Kahama hadi Nzega alikoolewa Kabula. Na jioni hiyo nikae mimi mlangoni, nikivuta, mpaka lori lipite kalavati la barabara kuu. Barabara ilikuwa moja. Kimoto kisipoonekana watu wangemfuata kabla dereva hajamaliza kufunga turubai, na mzee anayekamatwa njiani na kifurushi huwa ameshakiri.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu aliyezoea soko: nikamwambia elfu tatu. Mdomo ulitamka wenyewe. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Ungekubali ya kwanza ningejua huna akili ya kunivusha," akasema, na tukakutana kwenye elfu nne.

Alinifundisha kwa siku tatu, mchana, ndani, mlango umerudishwa. Namna ya kusokota tumbaku kwa kidole gumba. Namna ya kuokota kaa la moto kwa vidole bila haraka, maana ukifanya haraka ndipo linakuunguza. Namna ya kukohoa kwake, mara mbili kavu, ya tatu yenye mvua. "Wakisalimia mara ya kwanza, gonga kiko kwenye jiwe. Usijibu. Mimi sijibu ya kwanza, wanajua. Ya pili jibu, kwa kifua. Wakiomba moto, watupie. Asiingie mtu ndani ya ua." Nilitapika siku ya kwanza, na siku ya pili. Ya tatu nilivuta hadi mwisho, akanitazama kwa macho yale mekundu akasema, "Umekuwa bibi mbaya lakini kwa mbali utafaa."

Siku yenyewe alitoka jua likiwa bado usawa wa miti. Alivaa khanga zangu na sweta, ungo wa mpunga kichwani ukimfunika uso, akapita njia niliyopita mimi kila siku kuelekea lori letu lilipokuwa linapakia. Mpagazi wetu mmoja alimwita kwa jina langu, akapungiwa mkono. Gunia moja nilikuwa nimelipunguza ili apate pa kukaa, na tajiri alinikata pesa yake baadaye, nami sikubisha, jambo ambalo lilimtia wasiwasi. Mimi nikabaki nimejifunika kaniki yake na shuka lake kuukuu, lenye harufu ya moshi na samli, nikatoa kigoda mlangoni. Giza lilipoanza kuingia nikawasha.

Hakuna anayekuambia jinsi kimoto cha kiko kinavyokupofusha. Kila ukivuta, kinawaka mbele ya pua yako, na dunia nzima nyuma yake inazimika. Wao wananiona, mimi siwaoni. Hapo ndipo nilipoelewa huyu mama alikuwa anakaa na nini kila jioni ya Mungu. Nilisikia milango ya majirani ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na komeo la mwisho lilipoingia, nikasikia minyaa ikisukumwa.

"Mwadila, mayu."

Sauti ya Masanja, na salamu ya jioni. Nikagonga kiko kwenye jiwe.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," nikasema kwa kifua, nikamalizia kwa kikohozi. Mara mbili kavu. Ya tatu ilikuja yenyewe.

"Leo umekawia kuingia," akasema. Halafu, kwa utamu wake ule: "Naomba moto, mayu. Niwashe sigara."

Hatua moja ikaingia ndani ya ua. Kwenye kigae pembeni yangu kulikuwa na makaa. Nikaokota moja, na hofu ikanifanya haraka, nikalisikia likiingia kwenye kidole kama jino. Sikulia. Nikalirusha alipokuwa. Likaanguka likatawanya cheche, nikaona miguu, si miwili, ni sita, na mkono mmoja ulioshika kitu kirefu chini kando ya paja. Kisha giza.

"Mayu ana hasira leo," mmoja wao akasema, akicheka vibaya.

"Mwache," Masanja akajibu. "Hapa nje anatuona sura. Akiingia ndani, piga mluzi."

Wakarudi nyuma ya minyaa. Kwa hiyo nisingeweza kuingia, na nisingeweza kuondoka. Kazi ilikuwa ni kukaa. Tumbaku nilikuwa nimetengewa mafungu manne. Nilikuwa kwenye la mwisho nikilivuta kama mtu anayenyonya mfupa, ndipo honi ikalia kutoka barabarani. Mara moja. Nikangoja. Mara ya pili. Dereva alikuwa ameahidi mbili.

Kilichofuata sikufundishwa na mtu. Kinu cha Bibi kilikuwa kando ya mlango. Nikakisogeza taratibu hadi kwenye kigoda, nikakipachika juu shuka lake, na juu kabisa, mahali uso wa mtu aliyekaa unapofikia, nikaweka kigae chenye pande la mavi makavu ya ng'ombe nililolishikisha moto kwa kaa. Ule moto hauna mwali. Unakula ndani kwa ndani, upepo ukipita unafumba na kufumbua. Nikazima kiko kwa kiganja, nikakitia kifuani, nikatambaa kuzunguka nyumba na kuingia kwenye majaruba ya mpunga. Nilipogeuka nyuma niliona kimoto kimekaa mlangoni, kinavuta pumzi polepole. Hata mimi niliyekiweka, nywele zilinisimama.

Mzee Habibu nilipompelekea kiko hakuvua miwani. Alikinusa, akatazama kidole changu kilichofungwa kitambaa, akanilipa bila kuuliza. Kisha akapigilia msumari mpya, mbali na vingine, karibu na kizingiti. "Hiki kimezoea mlangoni," alisema.

Bibi Ngolo alifika Nzega. Aliishi kwa Kabula miaka mingi akafa kitandani, ameshiba, kwa uzee. Hiyo ndiyo faida, na nimeihesabu. Hasara niliisikia kidogo kidogo kwa mama ntilie, nyuma ya mabua. Masanja na wenzake walikuwa wamekaa kwenye minyaa mpaka alfajiri. Bibi hakuingia ndani, hakusogea, hakukohoa, kimoto tu. Kulipokucha wakakuta kinu, shuka na majivu. Wakakimbia na kuacha kandambili. Tangu siku hiyo hakuna aliyetia jembe wala sururu kwenye uwanja ule. Maduara yamechimbwa pande zote, mpaka kwenye ua, yakasimama. Nilicheka sana mwaka ule, nikamsimulia Mzee Habibu, naye akacheka hadi pumu ikamkamata.

Halafu viko vikaanza kuwa rahisi. Wanawake wazee waliokuwa wananifukuza sasa walinifuata wenyewe njiani, kiko kimefichwa kwenye upindo wa khanga, wakitaka nusu ya bei, robo ya bei, kibiriti na chumvi. Nilifurahi kama mfanyabiashara yeyote. Mwezi mmoja nilirudi na viko tisa kwenye kikapu. Mzee akavipanga mezani kati ya saa zake, hakugusa miwani. "Milembe, mbona vimekuwa rahisi?" akaniuliza. Nikamwambia bahati. "Watu hawauzi mdomo wao kwa kibiriti," akasema. "Kaulize." Nikauliza. Bibi Ngolo aligeuka moto, niliambiwa, watu watatu wameshuhudia. Sasa kikongwe akionekana mlangoni na kimoto, watu hawasemi yupo. Wanasema ameanza. Wawili walikuwa wamekwisha kutolewa majumbani mwao, na mmoja hakufika alikokuwa anakimbilia. Mzee hakununua kiko tena mpaka anakufa.

Aliyesema "Sawa" barazani juzi alikuwa Masanja. Amekuwa mtu mzima wa heshima, ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu na ana bima. Hakunitambua, kwa nini anitambue, hajawahi kuniona kwa karibu ila nikiwa mtu mwingine. Alikaa karibu nami, akaniita dada, akashusha sauti ileile.

"Dada, hiki ni cha mama yangu wa kambo. Wenzangu wawili tuliokuwa wote wameshakufa, mmoja shimoni, mmoja hata haijulikani. Nimebaki mimi. Kule uwanjani kimoto bado kinaonekana jioni. Mganga anasema kiko kikipatikana, kivunjwe pale mlangoni, basi, utakuwa uwanja kama uwanja mwingine."

"Na ukishakuwa kama mwingine?"

"Tutachimba." Akatabasamu. "Ila nasikia Kabula, binti yake, amefiwa na mume, anataka kurudi kujenga pale kwa mama yake. Peke yake. Umewahi kumwona, dada? Macho yake yakoje?"

Nilimwambia kiko hakijakauka bado kutoka msibani, arudi Alhamisi na pesa. Ni uongo wa kwanza nilioupata. Kabula anapika kwa mkaa wa Nzega mwaka wa arobaini huu, na macho yake yakoje najua, nimeyaona: ni yale ya mama yake.

Basi nawauliza ninyi mliosoma mpaka hapa, maana mimi nimepiga hesabu pande zote na kila upande unanipa mtu aliyekufa. Nikimwambia Masanja kwamba aliyemtupia moto ni mimi, na nikamwonyesha kidole, Bibi Ngolo atakuwa bibi tu, na wazee wa kule watakuwa wazee tu, kama yupo atakayenisadiki. Lakini hofu ndiyo ua pekee uliobaki kwenye uwanja wa Kabula, na nitakuwa nimeubomoa kwa mkono wangu. Nikinyamaza, ua unasimama, na Kabula anakwenda kukaa ndani yake na macho yale, mlangoni palepale, kwa mtu ambaye ameshaanza kuulizia. Nikimwambia Kabula asirudi, nitakuwa nimemmalizia Masanja kazi bure, bila hata elfu nne. Kiko kipo hapa mezani, nimekiwekea kitambaa. Mwenye akili inayozidi yangu aniambie la kufanya. Lakini aniambie kabla ya Alhamisi.